Mota ya Anayefuata

Kila siku, akishamaliza kufuta vumbi kwenye kabati la kioo, Chiriku alikuwa na mchezo wake mmoja ambao hakuna aliyemwagiza. Alitoa mota kwenye maboksi, moja baada ya nyingine, akashika ncha ya mhimili kwa vidole viwili na kuizungusha polepole, akisikiliza sumaku za ndani zikikataa na kukubali, zikikataa na kukubali. Mota nzima hukataa kwa mpangilio. Mbovu hukwama mahali pamoja, kama mtu mwenye kinyongo. Siku hiyo alikuwa na moja mkononi, macho ameyafumba nusu, pale sauti ilipomlipukia mgongoni.

"Mikono juu!"

Mota ilimponyoka, ikabingirika mezani na kusimama ukingoni. Aligeuka. Mlangoni palikuwa na mwanamke mrefu, futi ya kushonea imemning'inia shingoni, kitambaa cheupe kwapani, akicheka mpaka mabega yanatikisika.

"Usiogope, wifi yangu. Sijaja kuiba. Nimekuja kupima."

Wifi. Chiriku alilisikia neno hilo likimshukia kama mlango wa chuma wa duka unapoteremshwa jioni: kwanza kelele, kisha giza.

"Shikamoo, dada," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mrembo. Mama, nimpimie wapi?"

"Hapo hapo mwanangu, nyuma ya kaunta," Mama mdogo alijibu kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu ameinyoosha juu ya stuli kwa sababu ya presha. "Duka siwezi kulifunga. Na huyo ukimpeleka ndani, atajificha chini ya kitanda. Mimi namjua."

Alikuwa anamjua kweli. Ni yeye aliyempa jina. Alipomchukua kwa marehemu dada yake, mtoto hakutamka neno kwa muda mrefu, si la njaa wala la usingizi, Mama mdogo akawa anawaambia majirani, "Msiniulize, nimeletewa chiriku huyu, hanyamazi mchana kutwa." Majirani wakacheka, jina likaganda. Mwanamke huyo ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyempeleka chuo cha ufundi akajifunza umeme, na ndiye aliyempa meza ya kazi katika duka hili la magari ya rimoti alilofungua marehemu mumewe, na kumwambia, "Hapa ni pako. Wateja nitaongea nao mimi."

Mtu wa namna hiyo utamwambiaje hapana?

Tena hata hakuwa ameombwa aseme ndiyo. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Chiriku alikuwa na tabia mbili anapolehemu waya. Ya kwanza, huzuia pumzi ili moshi usimwingie na mkono usitetemeke. Ya pili, risasi ikiyeyuka vizuri, ikang'aa na kuushika waya, huitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama anayejipa hongera. Siku ile Mama mdogo alikuja akasimama kando ya meza, akaanza kusema kwamba Mfamasia ametuma watu kuleta posa, kwamba ni kijana mwenye adabu, kwamba ndiye aliyewaletea dawa ya presha mvua ikinyesha bila kutumwa na mtu, na je, mwanangu, wewe unasemaje? Chiriku aliyasikia maneno hayo kama unavyosikia mvua juu ya bati la jirani. Risasi ilishika. Kichwa kikaitikia.

Alipovuta pumzi, Mama mdogo alikuwa tayari na simu sikioni. "Ameitikia! Kwa macho yangu haya!" Na alikuwa analia kwa furaha. Chiriku aliweka chini chuma cha kulehemu, akafungua mdomo, na mdomo ukajifunga wenyewe. Alijiambia atasema kesho. Kesho wakaja wazee. Kesho yake zikaja habari kwamba Mfamasia amepangiwa kazi mji mwingine, kwa hiyo mambo yaharakishwe. Na leo ilikuja futi, shingoni mwa dada yake Mfamasia.

"Nyoosha mikono. Hivyo hivyo, kama ndege." Mshonaji alimzungushia kile kitambaa cheupe, akaanza kukibana kwa pini: kwapani, kiunoni, begani. "Sasa usiishushe. Ukiishusha tu, pini zitakuuma, na mimi nitakuwa sina kosa."

Chiriku akabaki amesimama, mikono imetanda, pini zimemzunguka. Hapo hapo kengele ya mlangoni ikalia.

Aliijua harufu kabla ya mtu. Poda, spiriti, na vile vinywele vidogo visivyoisha kwenye mikono ya shati.

"Hodi wenye duka! Nimekuta wateja wangu wote wamesinzia kwenye kiti, nikasema—" Kinyozi alisimama. Alimtazama Chiriku aliyetanda mikono ndani ya kitambaa cheupe, na Chiriku akamtazama. Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyekumbuka kwamba kuna watu wengine.

"Umesema nini?" Mama mdogo akamuuliza.

"Nimesema shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nunua chako uende. Leo hapa pana shughuli, si pa kupigia soga."

"Nimeiona shughuli." Aliegemea kaunta, akajaribu kurudisha tabasamu lake la kila siku. "Hata hivyo si ngeni. Kiti changu husikia harusi kabla ya bwana harusi. Asubuhi nimemnyoa mjomba mtu, akanieleza yote, mpaka rangi ya viti."

Chiriku aliinamisha macho. Kwa hiyo amejua. Tena amejulia kwenye kiti, kutoka kwa mjomba mwenye povu kidevuni.

"Haya, nataka mota," Kinyozi alisema.

"Mota si unayo?" Swali lilimtoka Chiriku kabla hajalizuia.

"Ninayo ya kufuatia. Nataka ya peke yangu."

Mshonaji, aliyekuwa amepiga magoti akirekebisha pindo, aliinua kichwa. "Kufuatia nini? Mimi mambo ya magari haya ya watoto siyajui."

"Dada, watoto wenyewe wana ndevu, mimi ndiye nazinyoa," Kinyozi akasema. "Sisi tunacheza drifti. Kila Jumamosi, kwenye lile ghala la zamani lenye sakafu laini. Gari linakwenda ubavu ubavu, tairi ni za plastiki ngumu, zinateleza kama sabuni. Na tunacheza wawili wawili. Mmoja anaongoza, mwingine anamfuata, mlango kwa mlango, bila kugusana. Anayeongoza akiinama, unainama. Akipunguza, unapunguza. Sasa kwa sharti letu, hao wawili lazima wawe na mota sawasawa. Mwenye nguvu zaidi atamgonga mwenzake, mwenye nguvu pungufu ataachwa."

"Na wewe unamfuata nani?"

Kinyozi aligonga kioo cha kabati kwa kucha. "Ile ya juu kabisa. Boksi jekundu."

Mama mdogo aliinuka kwa kunung'unika, akalishusha. "Hii?"

"Hiyo si yake," Chiriku alisema.

"Mteja ni yeye au wewe?"

"Mama mdogo, hiyo waya wake umezungushwa mara chache. Jinsi mizunguko inavyopungua, ndivyo mota inavyokuwa kali. Kwenye plastiki ngumu hiyo haina faida. Akigusa tu rimoti, gari litazunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini."

"Acha lizunguke," Kinyozi alisema.

"Itapata moto. Itakuunguzia na kidhibiti mwendo pia."

"Acha iungue."

"Basi si drifti unayoitaka. Unataka kuvunja kitu."

Alilisema kwa sauti yake ile ile ndogo, lakini Kinyozi alinyanyua macho kama aliyepigwa kofi. Mshonaji alivuta futi kifuani mwa Chiriku, akakunja uso.

"We mtoto, hebu tulia. Nimekupima kifua sasa hivi, mara kimeongezeka. Unapumua kama umepanda ngazi."

"Samahani, dada."

"Nitolee na lile jeusi, Mama," Kinyozi akasema upesi, akijifanya hakusikia. "La pale chini. Naona limeandikwa halina sensa."

Mama mdogo aliweka boksi la pili kando ya la kwanza. "Hilo nalo lina kasoro, au leo bidhaa zangu zote ni mbovu?"

Chiriku alilamba midomo. Mikono ilianza kumwaka moto mabegani. "Si mbovu. Kwa mbio za moja kwa moja ni nzuri. Ila mota isiyo na sensa haijui ilipo mpaka ianze kuzunguka. Ukitaka iondoke taratibu, inababaika. Inatetemeka, inarudi, inakwenda. Na drifti yote iko hapo kwenye taratibu."

"Haijui ilipo mpaka ianze," Kinyozi alirudia. Alilichukua boksi jeusi, akalipima uzito mkononi. "Hii ndiyo yangu. Mimi na yeye tutaelewana. Maana kuna watu miaka yote tunababaika, tunatetemeka, tunarudi, na siku tukisema sasa twende, tunakuta mwenzetu kashavalishwa nguo."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Kinyozi," Mama mdogo alisema pole pole.

"Naam, Mama."

"Mimi nina presha, sina upofu. Unaongea mota, au unaongea na mwanangu?"

"Naongea mota, Mama."

"Basi nikwambie na mimi kwa lugha ya mota. Huyu amepata mtu. Mtu mwenye elimu, mtulivu, asiyepiga domo kutwa kama redio ya jirani. Wewe ni mchangamfu, sikatai, na nywele unakata vizuri. Lakini maneno yako ni mengi, akili sijaiona."

"Akili ni nywele, Mama. Kila mtu ana zake. Mimi nazikata tu, sizihukumu."

Mshonaji alicheka kwa bahati mbaya, pini ikamdondoka. Hata Mama mdogo midomo ilimcheza. Chiriku peke yake hakucheka, kwa sababu alimwona mkono. Ule mkono unaopitisha wembe shingoni mwa watu kwa wepesi ulikuwa umelibana boksi jeusi mpaka pembe zikabonyea.

Alizikumbuka Jumamosi zote zile. Yeye mbele, gari lake jeupe likilala ubavu kwenye kona, na nyuma yake lile la bluu likija kwa heshima, karibu mno, karibu kiasi cha karatasi, lisimguse. Kinyozi aliyekuwa na la kusema juu ya kila mtu hakuwa na neno pale ghalani. Walisimama bega kwa bega, rimoti mikononi, kimya, na Chiriku alikuwa hajawahi kusikilizwa na mtu namna ile. Wenzao walikuwa wakipiga makofi. Yeye alikuwa akirudi nyumbani mashavu yamemwaka, akijiambia ni joto la ghala.

"Jumamosi hii utamfuata nani?" akauliza.

"Nimesema ya peke yangu."

"Peke yako si mchezo. Ni kuzungukazunguka."

"Sasa ulitaka nifanyeje?" Sauti ya Kinyozi ilipanda, mzaha wote ukamwagika. "Wewe unahamia mji mwingine! Ulitaka nibaki na mota sawasawa na ya kwako, nimfuate nani, ukuta? Ungeniambia. Neno moja tu. Nimesimama kando yako Jumamosi ngapi, hukuweza kuniambia kwamba umekubali kuolewa, mpaka nisikie kwa mzee mwenye povu?"

"Sikukubali."

Ilikuwa sauti ndogo sana. Lakini kila mtu aliisikia.

"Umesema?" Mama mdogo alishika ukingo wa kaunta.

Chiriku alifumba macho. Alitamani kaunta imfunike. Alitamani awe mota ndani ya boksi, afungwe, aandikwe juu sifa zake, mtu mwingine amchagulie pa kwenda. Ingekuwa rahisi hivyo. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, na pini ya kwapani tayari ilikuwa imempata.

"Mama mdogo, siku ile nilikuwa nalehemu."

"Ukalehemu, ndiyo. Nikakuuliza, ukaitikia."

"Niliitikia risasi. Ilikuwa imeshika vizuri. Mimi huwa naitikia ikishika. Maneno yako sikuyasikia mpaka ulipokuwa kwenye simu."

Mama mdogo alimtazama kama anayetazama mtu mgeni aliyevaa sura ya mwanawe. "Risasi," akasema. "Nimeita wazee kwa sababu ya risasi. Nimekaribisha ukoo wa watu. Nimeiambia dunia nzima." Sauti ilianza kumkatika. "Na siku zote hizi ulikuwa na mdomo, we mtoto? Huyu dada amekuja na kitambaa chake, na wewe umenyoosha mikono tu?"

"Ulikuwa unalia kwa furaha, Mama mdogo. Sikuwahi kukuona hivyo tangu Baba mdogo afariki. Niliogopa kukunyang'anya."

"Kwa hiyo ukaamua ujinyang'anye wewe. Shukrani ya punda hiyo, tena mateke umejipiga mwenyewe." Alikaa kitini kwa nguvu, akajipepea na kifuniko cha boksi jekundu. "Na maji haya nitayazoaje? Yameshamwagika. Watu wametoka kwao, wamekula kwangu, wameaga. Neno langu nilirudishe vipi?"

Kinyozi aliweka boksi jeusi chini, bila sauti, kama anayemlaza mtoto.

Ni Mshonaji aliyetikisika kwanza. Alijiinua magotini, akajifuta vumbi, akaanza kuchomoa pini. Alichomoa ya begani. Akachomoa ya kiunoni. Hakuwa akicheka tena, lakini vidole vyake havikuwa na hasira.

"Mdogo wangu," alisema, na Chiriku akasikia kwamba wifi amekwishaondoka katika jina lake, "mimi na kaka yangu tumelelewa bila mama. Shati alilovaa leo nimelipiga pasi mimi. Nikirudi atakuwa mlangoni, atajifanya anaangalia kitu barabarani, kisha ataniuliza, vipi, vipimo vimetoka? Ndivyo alivyo. Hawezi kuuliza kitu moja kwa moja."

Alichomoa pini ya mwisho. Kitambaa kikateleza, kikaanguka miguuni.

"Mimi sikulaumu. Ila sirudi nyumbani kumwambia habari za risasi. Kaka yangu si mtoto. Mtu akiachwa, anastahili kuambiwa ameachwa, na kwa nini. Usinitazame mimi, usimtazame Mama. Niambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Nikamwambie nini?"

Mikono ya Chiriku ilikuwa huru, na haikushuka. Ilibaki hewani kidogo, imesahau njia. Alipoishusha, damu ilirudi kwa kuchomachoma mpaka kwenye kucha. Alimtazama Mama mdogo, aliyekuwa amefunika uso kwa kiganja. Mlango ulikuwa wazi, barabara ilikuwa pale, na yeye alihisi kuta nne zimemkaribia kuliko wakati wowote. Kila njia ya kutoka ilipitia juu ya moyo wa mtu.

"Chiriku," Kinyozi alisema taratibu. "Kama ni kwa ajili yangu, usiseme. Mimi nitaondoka tu."

"Nyamaza wewe," Mama mdogo alisema nyuma ya kiganja. "Siku zote unaongea. Mwache leo aongee yeye."

Chiriku alivuta pumzi, na safari hii hakuizuia.

"Mwambie kwamba ni mtu mwema," alianza. "Mwambie kosa si lake hata kidogo. Nimemsubirisha kwa sababu ya woga, na ninamwomba radhi, na nitakuja kumwomba mwenyewe, uso kwa uso, akinikubalia. Mwambie siwezi kuolewa naye."

"Kwa nini?" Mshonaji aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sababu ataulizwa.

"Kwa sababu kuna mtu. Nimekuwa mbele yake Jumamosi zote hizi, na anayeongoza hatazami nyuma, kwa hiyo sikuwahi kumtazama nikamwambia." Aligeuka. Kinyozi alikuwa amesimama na vinywele vya watu kwenye mikono ya shati, macho yamemtoka, mdomo wazi. "Ni huyu hapa, dada. Mwambie ni Kinyozi. Nampenda. Nampenda, Mama mdogo, na sitaki kwenda mahali ambapo hayupo."